Kioo Chenye Ukungu

Ni mimi niliyeuleta.
Nasema sasa, kwa kuwa aliyenikataza kusema
alikuwa Otakar mwenyewe, na Otakar hayupo.

Januari ile theluji ilifika vizingiti vya madirisha.
Jumamosi nilikwenda Liberec kutazama magongo ya barafuni,
nikapiga kelele hadi sauti ikanikauka,
na mtu wa nyuma yangu akapiga chafya shingoni mwangu.
Nikajipangusa kwa skafu. Nikasahau.

Jumatatu tanuri lilinguruma kama kawaida.
Tulikuwa na bilauri za harusi,
mia mbili na arobaini, zenye shingo nyembamba.
Mimi mwanagenzi ndiye huanza:
nachota uji wa kioo kwa ncha ya mrija,
napuliza pumzi ya kwanza, kiputo kadiri ya zabibu,
kisha nampa Otakar.
Naye hufuta mdomo wa mrija kwa kiganja,
mara moja, bila kuangalia,
kama mtu afutaye kamasi za mtoto wa jirani,
halafu huutia kinywani.

Kitu chenyewe hakina kinywa.
Hakili, hakilali, hakina nia mbaya.
Ni barua tu ndani ya bahasha ya mafuta,
inapapasa ukuta wa koo
ikitafuta kitasa kitakachoifungukia.
Ikiingia haiombi chakula, inaomba kunakiliwa.
Na seli, karani asiyejua kukataa karatasi,
inanakili, inanakili usiku kucha,
mpaka ofisi inapasuka
na kila nakala inakwenda kubisha kwa jirani.

Jumanne mimi nilikohoa.
Alhamisi Bořek wa kukata shingo za bilauri.
Ijumaa Květa wa kufungasha, na mumewe, na mama wa mumewe.
Kwa Otakar ilikaa kooni siku nne, kikohozi cha adabu,
kisha ikashuka.

Huko chini kuna vifuko vya hewa, mamilioni kwa mamilioni,
vyembamba kuliko chochote tulichopata kupuliza;
ukivikunjua vyote utatandika sakafu ya karakana.
Huku hewa, huku damu,
na katikati ukuta usiofaa hata kuitwa ukuta.
Walinzi wa mwili walikuja na hasira zao,
wakavunja milango ya wenyeji pamoja na ya wezi.
Maji yakavuja, yakajaa vifukoni.
Hivyo ndivyo mtu anavyozama
juu ya godoro kavu, shuka zimepigwa pasi.

Daktari Šimůnková alitufungulia picha, mimi na Zdislava mkewe.
Mapafu mazima huonekana meusi, akasema.
Haya yalikuwa na weupe, kama dirisha lililohemewa.
"Sisi huuita ukungu huu kioo kilichosagwa."
Zdislava akacheka.
Akacheka hadi akashika ukuta, barakoa ikamteleza.
Miaka arobaini na mmoja alikuwa mkaguzi wetu:
chenye ukungu, pipani.

Usiku nilimpigia simu Otakar.
Nikasema, ni mimi, mzee, ni ile Jumatatu.
Nikasikia oksijeni ikivuma puani mwake.
Kila neno lilimgharimu pumzi nzima:
"Mrija.
Hauna.
Jina."
Kisha, baada ya muda mrefu:
"Usimwambie.
Mtu."

Alirudi nyumbani Machi, na makovu.
Kovu la pafu halitanuki; ni ngozi ya ngoma iliyokaushwa mno.
Alihesabu ngazi. Alipumzika kwenye ya sita.
Siku ya kuzaliwa kwake mshumaa tuliuzima kwa vidole,
tukajifanya ndiyo desturi.
Oktoba tukamzika.

Siku hizi kila mtu ana mdomo wake wa mrija, tunauchemsha.
Nami bado naufuta kwa kiganja kabla ya kupuliza.

Jana nilimwambia Zdislava.
Alikuwa akimenya viazi, na hakuacha kumenya.
Ganda lilishuka refu, halikukatika.
Akauliza tu:
"Na yule wa nyuma yako,
yeye alipona?"